Spika za Mama Rael na Bangili ya Nyasi

Mara iliyopita mliniacha nimekaa juu ya mlango wangu.

Sisemi mlangoni. Nasema juu ya mlango wenyewe, umelazwa kwenye nyasi pale Kapsoya, kwa maana mwenye nyumba alikuwa ameung'oa na bawaba zake ili nihame bila yeye kunigusa. Mwanangu, Niko, alikuwa mgongoni. Stephen, baba yake, alikuwa ameenda Kitale kuendesha kombaini ya kuvuna ngano, akaahidi kurudi na ng'ombe wa mahari, akanyamaza kabla mtoto hajaota jino. Duka la redio nilimokuwa nikichomelea waya lilikuwa limefungwa. Ndipo Peugeot nyeupe ikasimama, kioo kikashuka, na mama mmoja mwenye skafu ya hariri akaniuliza, "Wewe ndiye msichana wa redio?"

Wengi mmeniambia hapo ndipo bahati iliponiangukia. Asanteni. Na mimi niliamini hivyo. Nilisema moyoni, kumbe Mungu ana anwani yangu.

Basi sikilizeni ilivyoniangukia.

Yule alikuwa Mama Rael. Mjane, mwenye shamba upande wa Kapseret, na ndani ya shamba bwawa kubwa lililochimbwa na mzungu aliyekuwepo zamani. Mzungu aliondoka akaacha mashua ya starehe. Jumapili wakubwa wa mjini hulipa wazungushwe humo, wakila nyama na kuwatazama ng'ombe wakinywa maji.

"Shida ni sauti," Mama Rael aliniambia. "Kuna kaseti moja huko ndani. Injini ikiwaka, haisikiki. Wageni wanacheza dansi kwa kukumbuka."

Niliingia nikatazama. Spika moja, imepasuka. Waya zimeliwa na panya.

"Tutabadilisha yote, Mama. Tuweke amplifaya ya kutumia betri. Spika mbili za sanduku huku ndani, na mbili za tarumbeta juu ya paa. Na maiki."

"Itasikika mpaka ng'ambo?"

"Itasikika mpaka ng'ambo, hata injini ikiunguruma."

"Umesomea wapi, binti yangu?"

"Masomo ya jioni, Mama. Mchana nilikuwa nafua nguo za watu."

Alinitazama, akamtazama Niko mgongoni. Akamtazama Niko zaidi.

"Basi kazi ni yako. Na si ya siku moja. Utakaa hapa hapa uwe unaitunza. Chumba kipo, kina mlango."

Nililia kwa sababu ya hilo neno la mwisho.

Mwendesha mashua alikuwa Obiero, mtu wa kando ya ziwa, ambaye hakukubali kabisa kuliita bwawa letu maji.

"Hii ni supu," alisema. "Na wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mtoto mgongoni, chuma cha solda mkononi. Kwetu watu wangelipa kiingilio wakuone."

"Na kwenu mtu anaendesha supu kwa mshahara?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa ananiita Mama Niko, na akawa ananishikia ngazi.

Asubuhi niliyotaka kuanza kazi, Mama Rael alinizuia. Akaja gatini na mzee mmoja na kina mama kadhaa wa jirani, wamevaa vizuri kama wa kwenda kanisani. Mzee akaipaka mashua siagi puani. Kisha akanipaka mimi kichwani. Akanena maneno mazito ya zamani, nikashika machache tu: nyumba, moto, watoto.

Mniwie radhi. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa Plateau na shangazi aliyekuwa mfuaji wa shuka hospitali ya misheni. Mambo ya mila kwangu yalikuwa kama hadithi za sungura. Kule misheni hata baiskeli ya pasta iliombewa kabla haijapandwa. Nikaona hawa nao wanaiombea mashua kwa njia yao.

Mama Rael akasokota nyasi mbichi, akanifunga mkononi kama bangili.

"Na wewe nifunge mimi," akasema.

Nikasokota vibaya, kina mama wakacheka, nikasokota tena, nikamfunga.

"Ni ya nini, Mama?"

"Ili tulichoanza kisikatike."

Nikasema, "Amina."

Kina mama wote wakaitikia, "Amina!" Mmoja akapiga vigelegele. Nikafikiri, watu wa huku wanapenda muziki kweli.

Kazi ilikwenda vizuri. Niko alishinda jikoni kwa Mama Rael, akanywa maziwa mpaka mashavu yakataka kumfunika macho. Jioni nilimpata amebebwa, ameogeshwa, ananukia sabuni ambayo mimi sikuwa nayo.

"Huyu mama anampenda mtoto wako sana," Obiero aliniambia siku moja, anafuta injini.

"Kwani ni vibaya?"

Akafuta mahali pale pale palipokuwa safi tayari.

"Mimi ni wa kuendesha tu, Mama Niko. Siulizi abiria wanaenda wapi."

Kilichonisumbua ni maiki peke yake. Ilikuwa na swichi ndogo ya kidole gumba, na Mama Rael hakuipenda hata kidogo. Kila akijaribu, anahutubia bwawa zima na hakuna anayemsikia.

"Toa hicho kidude," akaniamuru. "Nikiongea nisikike. Siwezi kuomba chuma ruhusa."

"Mama, nikitoa itakuwa wazi wakati wote. Hata ukipiga chafya."

"Chafya yangu si siri."

Mwenye mali ndiye mwenye kusema. Nikaifungua, nikaziunganisha waya mbili moja kwa moja, nikaifunga. Ikabaki njia moja tu ya kuinyamazisha: kung'oa waya wa betri, chini ya benchi la nyuma.

Siku ya sherehe ikafika. Shukrani, walisema. Nikajua ni shukrani ya mashua kupata sauti mpya. Watu walijaa kando ya bwawa. Mbuzi walichomwa. Chifu alikuja na kofia yake na kirungu chake, akawekewa kiti peke yake karibu na nyama.

Niliweka kaseti, nikafungua sauti.

Haki, laiti mngekuwepo. Muziki uliruka juu ya maji ukagonga ng'ambo ukarudi. Ng'ombe waliinua vichwa. Bibi kizee mmoja aliyekuwa akilalamika magoti aliyasahau. Obiero alitoa kofia, akaniinamia mbele ya watu wote.

Nikasema, kazi hii nitaishika kwa mikono miwili. Niko atasoma mchana, si jioni kama mimi.

Mama Rael alikuwa ndani ya mashua, imefungwa bado gatini, amempakata Niko. Walikuwa wamemvalisha kaptura mpya na soksi nyeupe.

"Binti yangu, shuka," akaniambia. "Nenda ukasikilize kama huko nje inasikika vizuri."

Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Hausikilizi sauti ukiwa ndani yake. Nikashuka, nikaenda nikasimama katikati ya watu.

Mama Rael akazima kaseti, akashika maiki.

"Majirani zangu," akasema, na sauti ikafika kila mahali, safi, bila mkwaruzo. "Mume wangu alikufa akaniacha na nyumba isiyo na mtu. Mlikuwa mnanihurumia, nilikuwa nawaona. Leo nyumba yangu imepata mtu."

Makofi. Na mimi nikapiga.

Akaisogeza maiki kwenye mdomo wa Niko. "Sema, mwanangu. Waambie mimi ni nani."

Mtoto wangu alikohoa kidogo, akasema, na spika nilizozifunga kwa mkono wangu zikalipeleka neno lake mpaka ng'ambo:

"Baba."

Nikacheka. Mtoto anamwita mama baba!

Nikaangalia kushoto na kulia nicheke na wenzangu. Hakuna aliyekuwa akicheka. Walikuwa wanapiga makofi. Kina mama walikuwa wanafuta machozi.

Kisha kutoka kwenye chumba cha ndani ya mashua akatokea mtu aliyevaa koti kubwa, ameshika fimbo. Nilimjua kabla hajainua uso. Kipyego. Ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, ambaye hakuwahi kuja Plateau hata siku moja kuuliza kama nimekula.

Nikakimbia mpaka gatini.

"Baba mdogo? Unafanya nini hapa?"

"Chamgei, hujambo, mwanangu. Nimekuja kuona mahali ulipoolewa."

"Nani ameolewa?"

Akanyoosha fimbo, akaigusa bangili ya nyasi. Ilikuwa imekauka, lakini ilikuwepo. Sikuwa nimeivua. Nilikuwa nimeipenda.

"Nyinyi wa misheni," akasema, "mnaijua Yerusalemu kuliko kwenu."

Watu wakacheka sasa. Sasa ndiyo wakacheka.

Yule bibi wa magoti alikuwa amenifuata. Akanishika kiwiko, akaninong'oneza. "Mama asiye na mtoto wa kiume, na ana mali, anaoa msichana. Analipa ng'ombe kwa watu wake. Yeye ndiye mume wa nyumba. Watoto wa msichana ni wake, wanamwita baba, wanarithi. Ni heshima, binti. Wengi wametulia hivyo. Lakini si uliulizwa?"

"Sikuulizwa, bibi. Nilifikiri mnaombea mashua."

Bibi akatazama miguu yake. "Sisi huwa tunauliza," akasema.

Mama Rael alikuwa amesikia. Aliiweka maiki kwenye benchi la chumbani, akasogea ukingoni mwa mashua, Niko mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kipyego. Uliniambia anajua."

"Anajua. Ana haya tu. Wasichana wa misheni ndivyo walivyo, ukiwauliza wanakataa hata chakula wanachokitaka."

"Sikujua!" nikalia. "Mama, angalia macho yangu. Sikujua. Ulinikuta juu ya mlango, nikadhani umenihurumia."

"Nani unafikiri alinileta pale?" akasema polepole. "Huyu baba yako mdogo ndiye alinionyesha nyumba."

"Basi nipe Niko. Baba mdogo akurudishie ng'ombe wako, tuishie hapo. Spika nakuachia, kazi nakuachia, sitaki kitu."

Na nawaapia, kwa muda mfupi nilikuwa nimemgusa moyo Mama Rael. Mkono wake ulilegea. Niko alianza kuteleza kunijia.

"Ng'ombe ziko wapi, Kipyego?" akauliza.

"Zimeoa," Kipyego akasema. "Kijana wangu amechukuliwa mke nazo Jumamosi iliyopita. Kwani mnataka niende nimtoe bibi arusi ndani kwa mguu?"

Wakacheka tena. Mtu akapiga mluzi.

Mama Rael akamtazama Niko. Niko alikuwa anachezea shanga zake. Niliona mahali hasa alipoamua. Mkono ukakaza.

"Binti yangu," akasema, kwa upole ambao sitausahau, "wewe uko huru. Mimi sifungi mtu. Ukitaka kwenda, geti liko wazi. Ukitaka kukaa, chumba chako kipo, na mlango wake. Lakini mtoto ana kwao sasa. Tutavuka nyumbani kule ng'ambo, wazee wanangoja wamnyoe nywele wampe jina."

"Ana jina! Ana baba! Stephen..."

"Stephen yupi?" Kipyego akadakia. "Aliyeleta mbuzi gani? Mtoto ambaye baba yake hakuleta hata kuku ni wa nyumba ya mama yake. Na nyumba ya mama yake ni mimi."

Nikamgeukia chifu. Alikuwa na mfupa mkononi.

"Chifu, nisaidie. Wanachukua mtoto wangu mchana, mbele ya serikali."

"Mimi nimealikwa kula nyama, mama."

"Lakini umeona!"

"Nimeona sherehe. Nchi imetulia, kila mtu anafuata nyayo, wewe peke yako unataka makelele." Akaonyesha paa la mashua kwa mfupa. "Na makelele yenyewe si ni wewe umeyaleta?"

Hiyo ndiyo iliyowachekesha kuliko zote.

Nikaruka niingie mashuani. Kipyego aliniwekea ncha ya fimbo kifuani akanisukuma, bila hasira, kama vile ndama anavyosukumwa kutoka kwenye chuchu ili mtu akamue. Nikaanguka gatini.

"Obiero," Kipyego akasema, "toa mashua."

Obiero alinitazama. Akaitazama injini.

"Mama Niko," akasema, na sauti yake haikuwa na utani, "mimi ni wa kuendesha."

Injini ikawaka.

Hapo ndipo Niko alipoelewa. Aliona maji yanaongezeka kati yetu. Akanyoosha mikono yote miwili, akafungua mdomo, na Mama Rael akaingia naye chumbani kumtoa kwenye upepo. Kipyego akawafuata. Wakakaa kwenye benchi.

Kwenye benchi palikuwa na maiki.

Kilio cha mwanangu kikapasuka juu ya bwawa kama kengele ya kanisa. Nilikuwa nimezifunga zile tarumbeta zishinde injini, nazo ziliishinda. Nikaziba masikio. Hakuna mikono inayoweza kuziba kitu kama kile.

"Nyamaza, baba, nyamaza," sauti ya Mama Rael ikasema juu ya vichwa vyetu. "Tunaenda nyumbani."

"Atazoea," ikasema sauti ya Kipyego. "Kondoo mdogo hulia siku moja."

Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akaachia njiani.

"Kipyego," Mama Rael akasema. "Umenidanganya juu ya msichana. Sasa niambie ukweli wa huyo Stephen. Ulisema alipotea."

"Hakupotea sana."

"Maana yake nini?"

"Amerudi juzi. Yuko Kapsoya. Amekuja na ng'ombe, amezifunga nje ya ile nyumba isiyo na mlango, mwenye nyumba anamfukuza, hatoki."

Nikaondoa mikono masikioni. Stephen. Na ng'ombe.

"Na wewe umemwambia nini?"

"Kile kitakachomrudisha Kitale. Nimemwambia wamekufa. Mama na mtoto. Surua."

"Wewe Kipyego!"

"Alikataa kuamini, ikabidi nimpeleke Plateau nimwonyeshe kaburi."

"Kaburi la nani?"

"Sijui. La mtu."

Kando ya bwawa hakuna aliyetafuna. Bibi wa magoti alijifunika mdomo kwa leso. Chifu alikuwa ameuweka mfupa chini kwenye sahani, taratibu, kama mtu anayeogopa usitoe sauti.

Kisha injini ikazima.

Mashua ikaelea katikati ya bwawa, na ukimya ukaja juu ya maji, na ndani ya ukimya ule tukasikia hatua, na sauti ya Obiero, karibu.

"Mzee, hii maiki iko wazi."

"Nini?"

"Wamesikia. Wote."

"Izime!"

"Haina swichi. Mama aliamuru itolewe."

Tukasikia kitu kikianguka. Tukasikia Kipyego akihema, anapapasa chini ya benchi la nyuma, anatafuta waya wa betri. Tukamsikia Mama Rael akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," si kwa mtu yeyote. Na juu ya hayo yote Niko, amechoka sasa, analia kile kilio kidogo cha mwisho wa nguvu.

Kisha Obiero tena, mdomo wake kwenye maiki kabisa, haraka haraka.

"Mama Niko. Nilisema siulizi abiria wanaenda wapi. Leo nauliza. Nigeuze?"

Kila mtu akanigeukia.

Nilikuwa nimempa sauti kila mtu aliyekuwa ndani ya ile mashua. Mimi mwenyewe nilibaki na koo tu, na maji yote yale. Nikasimama ncha ya gati. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

Mkono ukaniangukia begani, mzito, una mafuta ya nyama.

"Usijibu," chifu akasema.